Ndege za rimoti za mbao zinazouzwa karibu tayari kuruka: je, zinaaminika jinsi zinavyotoka kwenye boksi?

Msafiri wa Kasarani

Hamjambo wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikirusha ndege ya foamu ya kujifunzia, ile yenye mota nyuma ya bawa, na nimefika mahali ambapo naweza kuipaisha, kuizungusha uwanja mzima na kuitua bila mtu wa kusimama kando yangu. Sasa nataka kuingia katika ndege za mbao. Sina karakana wala nafasi ya kujenga ndege kutoka mwanzo, kwa kuwa naishi katika nyumba ya kupanga na meza niliyo nayo ndiyo hiyo hiyo watoto wanayofanyia kazi zao za shule. Kwa hiyo nimeanza kuangalia zile ndege zinazoundwa viwandani kwa wingi, ambazo mabawa, bodi na mkia huja vikiwa vimeshajengwa na kufunikwa kwa plastiki ya rangi, na mnunuzi huachiwa kazi ya kuunganisha bawa, kufunga mkia, mota, sevo (vimota vidogo vinavyosogeza sehemu za usukani), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na magurudumu.

Picha zake zinavutia, lakini maneno ninayoyasikia uwanjani yanapingana. Mmoja ananihakikishia kuwa jioni chache zinatosha na ndege itaruka miaka mingi; mwingine anasema zimeshikizwa kwa gundi kidogo mno, kiasi kwamba mota inaweza kung'oka na kutangulia mbele huku ndege ikiwa bado hewani. Ninayoifikiria ni ya bawa la juu, yenye upana wa mita 1.6 hivi, ya mota ya umeme. Ningependa kujua kama ubora wa ndege hizi umepanda au umeshuka, ni sehemu zipi hasa zinazostahili kukaguliwa, na kama anayelipa bei ya juu anapata kitu cha ziada. Naomba majibu ya watu waliozifungua kwa mikono yao.

Fundi Balsa

Ndugu Msafiri, wote wawili wamekuambia kweli, na hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo. Ndani ya boksi moja kuna kazi za viwango viwili. Kazi ya mashine ni nzuri kuliko ile ambayo wengi wetu tungeweza kuifanya kwa kisu na msasa: mbavu za bawa hukatwa kwa leza, zikalingana kabisa, na muundo huunganishwa ndani ya fremu inayouzuia kwenda kombo. Gundi, kwa upande mwingine, hutiwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana ndege nyingi za kumaliza kabla zamu yake haijaisha. Ndiyo maana ndege mbili za modeli moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kiasi kwamba mwenye moja akaisifu na mwenye nyingine akailaani, na kila mmoja akawa na haki yake.

Kuhusu kupanda au kushuka kwa ubora, mimi nasema umepanda kwa yale yanayoonekana. Ndege za namna hii za zamani zilikuwa nzito, na nyingi zilifunikwa kwa plastiki nene ya kubandika ambayo ikishalegea hakuna namna ya kuikaza. Za sasa ni nyepesi, zina matundu ya kupunguza uzito kila mahali, na plastiki yake hukazwa kwa joto. Lakini wepesi huo umekuja na gharama yake, kwa sababu kadiri mbao zinavyopunguzwa ndivyo kila kiungo kinavyobeba mzigo mkubwa zaidi, na kiungo ndicho hasa kinachotegemea yule mtu wa gundi. Nyingi ya ndege hizi hutoka China na Vietnam (Seagull na Phoenix, kwa mfano, ni za Vietnam), na si ajabu kiwanda kimoja kikaunda ndege zinazouzwa kwa majina tofauti. Bei ya juu hukununulia plastiki bora ya kufunika, vifaa vidogo vya chuma vilivyo bora, kitabu cha maelekezo kinachoeleweka na, mara nyingine, mbao zilizochaguliwa kwa uangalifu. Uhakika wa gundi haikununulii.

Sasa twende ndani ya bodi. Kabla hujaunganisha chochote, chukua tochi ndogo uimulike sehemu ya mbele, mahali ambapo ukuta wa plaiwudi wa kufungia mota unakutana na mbao za kando. Utaona kingo nyeusi. Weusi huo ni masizi ya leza, na ndio chanzo cha mota nyingi kung'oka, kwa sababu gundi nyembamba ya haraka, ya jamii ya supaglu, hushika ile tabaka iliyoungua badala ya kuingia kwenye nyuzi za mbao. Kiungo kinaonekana kizima, na hata ukikivuta kwa vidole kinastahimili. Kikianza kutikiswa na propela isiyosawazishwa, masizi hubanduka na ukuta ukabaki umeshikiliwa na plastiki ya nje tu. Bonyeza ukuta huo kwa dole gumba, upande mmoja baada ya mwingine, huku umeweka sikio karibu. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruzana, hiyo ndege haijawa tayari, hata kama boksi limeandikwa vipi. Hata usiposikia kitu, kwaruza kingo zile kwa msasa uliokunjwa, upake epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) kwenye pembe zote za ndani, kisha ubandike vijiti vya balsa, ule mti mwepesi unaojengewa ndege hizi, vyenye umbo la pembetatu. Ni kazi ya jioni moja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo jioni muhimu kuliko zote katika kuunda ndege ya kiwandani.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye bawaba za eleroni (vibao vinavyochezacheza nyuma ya bawa ili kuilaza ndege upande) na za mkia. Mara nyingi huwa ni vipande vyembamba vya kitambaa kigumu vilivyotiwa gundi ya haraka, na kosa la kawaida ni gundi kuingia upande mmoja tu wa bawaba. Shika sehemu inayochezacheza, uivute kwa nguvu ambayo itakufanya uone haya mbele ya muuzaji. Ikitoka mkononi mwako ukiwa mezani, mshukuru Mungu. Vifaa vidogo vya chuma navyo sivitumii kabisa: skrubu laini ambazo kichwa chake huliwa na bisibisi mara ya kwanza, waya wa kusukuma usukani unaopindika, na zile nati zenye meno zinazopigiliwa nyuma ya ukuta wa mota ambazo huzunguka pamoja na bolti badala ya kuishika. Bolti nzuri za milimita 3 hupatikana katika maduka ya Kirinyaga Road kwa bei ambayo haistahili hata kuandikwa hapa.

Mwalimu wa Fizikia

Fundi ameeleza vizuri, nami naongeza jambo ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi, kwa kuwa vimeandikwa na watu wanaoruka karibu na bahari. Ndege hizi hupimwa kwa hewa nzito, sisi tunazirusha kwenye hewa nyepesi. Katika mwinuko wa mita 1,700 na joto la nyuzi 25, ambayo ni hali ya kawaida ya mchana wa Nairobi, uzito wa hewa ni takriban asilimia 79 tu ya ule unaotumiwa kama kipimo cha usawa wa bahari. Mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linaweza kuibeba ndege hupanda kwa asilimia 12 hadi 13. Hiyo ni kabla hatujagusa uzito wa ndege yenyewe.

Na uzito wa ndege yenyewe mara nyingi si ule ulioandikwa kwenye boksi. Tuseme kitabu kinadai kilo 2.5, na ndege ikaishia kilo 2.9 baada ya kufungwa betri, sevo na gundi zote za kurekebisha. Ni tofauti ambayo mtu anaweza kuiona kuwa ndogo. Ukijumlisha athari ya uzito huo na ya hewa yetu, mwendo wa kutua unapanda kwa zaidi ya asilimia 20, na nguvu ambayo miguu ya magurudumu inapaswa kuimeza wakati wa kugusa ardhi inaongezeka kwa takriban asilimia 70. Asilimia 70! Kwa hiyo mtu wa Mombasa akikwambia kuwa modeli fulani ina miguu imara, msikilize kwa heshima, kisha uimarishe miguu ya kwako. Kile kipande cha mbao kinachoshika waya wa magurudumu chini ya bodi, ambacho kiwandani hubandikwa kwa mstari mwembamba wa gundi juu ya plaiwudi laini, kilikadiriwa kwa majani yaliyokatwa vizuri. Sisi tunatua kwenye moramu na vichuguu vya nyasi. Kitoe kikiwa kinatoka kirahisi, kirudishe kwa epoksi, na utandaze kitambaa cha faibaglasi juu ya kiungo kikivuka pande zote mbili. Magurudumu madogo yanayokuja na boksi nayo yabadilishe yawe makubwa zaidi, kwa kuwa gurudumu dogo likikutana na kijiwe husimama ghafla, na mzigo wote huenda kwenye kile kipande.

Kuhusu mota ya umeme: yenyewe haipungukiwi nguvu kwa sababu ya mwinuko kama injini ya mafuta inavyopungukiwa, propela ndiyo inayokosa hewa ya kushika. Kama kitabu kinapendekeza propela ya inchi 11, kwetu ya inchi 12 yenye mlalo (mwinamo wa mapanga yake) ule ule itaipa mota karibu mzigo ule ule iliokusudiwa. Pima kwa wati mita, kifaa kinachoonyesha umeme ambao mota inatumia, kabla ya kuruka, na uhakikishe kuwa ncha ya propela haigusi ardhi mkia ukiinuka, hasa ukishaweka propela kubwa.

Mjenzi wa Mkono

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ninyi mnamshauri ndugu huyu anunue ndege iliyoundwa, aifungue, akwaruze gundi ya kiwanda, aitie gundi yake, abadilishe bawaba, bolti, nati, waya na magurudumu, kisha aimarishe miguu. Baada ya hapo kilichobaki cha kiwanda ni rangi. Kwa nini asinunue seti ya mbao zilizokatwa kwa leza, zikiwa bado vipande, akaziunganisha mwenyewe kwa kufuata ramani? Masizi ya leza atayapangusa kabla ya kutia gundi na si baada. Kila kiungo atakijua. Na boksi lake ni dogo, kwa hiyo usafirishaji ni nafuu.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya siku ndege itakapoanguka, kwa maana itaanguka. Ndege za kiwandani huja bila ramani. Mbavu tatu za bawa zikivunjika, huna mahali pa kupata umbo lake isipokuwa kuchora kwa kufuata zile zilizobaki nzima, na bawa la akiba huuzwa kwa muda mfupi tu, kwa sababu modeli hizi huundwa kwa mafungu na fungu likiisha kiwanda huhamia nyingine. Waliokuwa na ndege za Great Planes na Top Flite wanakumbuka kilichotokea mwaka 2018: kampuni mama, Hobbico, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni mwezi Januari, majina yake yakanunuliwa na Horizon Hobby, na modeli nyingi hazikurudi sokoni tena. Mtu aliyekuwa na bodi nzima na bawa lililovunjika alibaki na pambo la ukutani. Mwenye ramani hukata kipande chake na kuendelea.

Tena kuna suala la balsa yenyewe. Mti huo hutoka hasa Ecuador, na mnamo mwaka 2020 mahitaji ya watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, hasa China, yalipandisha bei yake kwa kiwango kilichotikisa biashara yote. Anayejijengea anaweza kupima kila ubao kwa mizani na kuweka mzito pale panapohitaji nguvu na mwepesi kwenye mkia. Anayenunua ndege iliyofunikwa haoni ubao wowote; anaona rangi. Akitaka kujua kama bawa la kulia ni zito kuliko la kushoto, itabidi aining'inize ndege kwa uzi puani na mkiani ili aone inalalia upande gani, na dawa yake ni kubandika kipande cha madini ya risasi kwenye ncha ya bawa lililo jepesi. Yaani anaongeza uzito ili kusahihisha uzito.

Bi Rubani wa Rongai

Mjenzi, nakuheshimu na ndege zako nimeziona zikiruka, ila umesoma swali nusu. Ndugu Msafiri amesema waziwazi kwamba hana karakana na kwamba meza yake ina watoto. Ndege ya kujengwa kutoka vipande huhitaji ubao bapa usiosogezwa kwa majuma mengi, huku mbavu zikiwa zimebanwa kwa pini. Kazi alizozitaja Fundi zinaweza kufanywa kipande kimoja kwa jioni moja, kisha kila kitu kikarudishwa kwenye boksi na boksi likawekwa juu ya kabati. Hiyo si tofauti ndogo kwa mtu wa nyumba ya kupanga. Na si kweli kwamba kinachobaki ni rangi: kinachobaki ni bawa lililonyooka, na bawa lililonyooka ndilo ambalo mjenzi wa mara ya kwanza hushindwa kulipata.

Hata hivyo bawa la kiwandani nalo likaguliwe, kwa kuwa linaweza kutoka kiwandani limenyooka na kufika hapa limepinda. Lilaze juu ya meza ya kioo au sakafu ya vigae uliyoihakiki, ubonyeze pembe moja baada ya nyingine, na kama linayumba kama kiti chenye mguu mfupi, lina msokoto. Kwa bahati nzuri msokoto mdogo hurekebishwa: mtu mmoja anapindua bawa kinyume, mwingine anapitisha hewa ya moto juu ya plastiki, kisha wote wawili wanalishikilia hivyo hadi lipoe. Ukishafunga mkia kwa pini, kabla ya kuutia gundi, funga uzi kwenye pini iliyochomekwa katikati ya pua ya ndege na upime umbali hadi ncha ya kulia ya mkia na hadi ncha ya kushoto. Vipimo vinapaswa kulingana. Nimeona ndege ambayo nafasi ya kuingizia mkia ilikuwa imekatwa kwa leza sawasawa kabisa, lakini plastiki ya kufunika ilikunjwa mara mbili upande mmoja, na unene huo tu ukatosha kuupeleka mkia kombo.

Kuhusu plastiki hiyo, usishtuke ukiona mikunjo baada ya wiki chache. Mbao zilifungwa kwenye boksi zikiwa na unyevu wa huko zilikoundwa, zikafika Nairobi wakati wa kiangazi, zikakauka na kusinyaa, na ngozi ikabaki kubwa kuliko mwili. Hilo si kosa la kiwanda, ingawa plastiki ya bei rahisi hukubali kukazwa mara moja au mbili tu kisha ikachoka. Anza na joto la chini, karibu nyuzi 100, ufuate kwanza kingo zote ili zishike, ndipo upandishe joto katikati. Ukianza katikati, kingo hujivuta na kuacha mbao wazi, na kupata plastiki ya rangi ile ile hapa mjini ni kazi ya kuomba na kuulizia. Na usiiache ndege ndani ya gari lililofungwa juani.

Neno moja kuhusu gharama, kwa sababu watu huangalia bei ya ndege na kusahau boksi. Kampuni za usafirishaji wa haraka hutoza kwa ukubwa wa mzigo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 130 kwa 35 kwa 25 linahesabiwa kuwa na kilo 22.75, hata kama ndani kuna kilo tatu za balsa na hewa. VAT ya asilimia 16 nayo hupigwa juu ya jumla ya bei, usafirishaji na ushuru, wala si juu ya bei ya ndege peke yake. Ukiweza kuungana na wenzako mkaagiza pamoja kwa meli, fanyeni hivyo. Boksi likifika, lifungue mbele ya aliyelileta na upige picha kila kona iliyobonyea, kwa sababu madai ya mbavu zilizovunjika ndani ya plastiki isiyochanika ni magumu sana kuyathibitisha kesho yake. (Masuala ya KCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na mahali pa kurushia yana mada yake humu, hivyo siyagusi.)

Msafiri wa Kasarani

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu kwa hesabu ile, ambayo imenifanya niangalie upya hata namna ninavyoitua ndege yangu ya foamu. Mjenzi, nimekuelewa, na huenda siku moja nikafika huko, lakini kwa sasa Bi Rubani amenisoma vizuri kuliko nilivyojieleza.

Nimebaki na shaka moja. Mmeniambia nitie epoksi kwenye ukuta wa mota, kwenye kipande cha magurudumu na kwenye mkia, na papo hapo Mwalimu ameonyesha jinsi kila gramu inavyoniumiza wakati wa kutua. Nitajuaje kiasi kinachotosha? Tena madukani naona epoksi ya dakika tano na ya dakika thelathini, na wauzaji wananiambia ni kitu kimoja.

Fundi Balsa

Si kitu kimoja kwa kazi hii. Ya dakika tano huanza kukaza kabla haijapenya, nawe unakimbizana nayo ukiwa umeingiza vidole viwili ndani ya bodi usiyoiona vizuri. Ya dakika thelathini inakupa muda wa kuipasha joto kidogo kwa hewa ya moto ili iwe nyepesi, ikaingia kwenye kingo zilizokwaruzwa, na ukapangusa ziada kwa kitambaa chenye spiriti. Ya haraka iweke kwa matengenezo ya uwanjani tu, ya kurudi hewani mchana ule ule.

Kuhusu uzito, shaka yako ni ya haki, ila fikiria gramu hizo zinakaa wapi. Ndege nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa nzito mkiani, na mwenyewe huishia kusukuma betri mbele kabisa au kubandika risasi puani ili kitovu cha uzito (pale ambapo ndege ikiinuliwa hukaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma) kifike mahali panapotakiwa. Epoksi ya ukuta wa mota iko mbele ya kitovu hicho, kwa hiyo sehemu yake inakuja kuchukua nafasi ya risasi ambayo ungeiweka hata hivyo. Ile ya kipande cha magurudumu iko karibu na kitovu na haibadilishi mizani kwa kiasi cha kujali. Gramu 20 kwa jumla ya sehemu hizo mbili, pamoja na kitambaa cha faibaglasi, ni nyingi ya kutosha. Pima kikombe cha kuchanganyia kabla na baada.

Mkiani mambo hugeuka. Umbali kutoka kitovu cha uzito hadi mkia ni mkubwa kuliko umbali hadi pua, mara mbili au zaidi katika ndege ya bawa la juu kama unayoitaka, na hivyo kila gramu ya gundi unayoiacha kule itakudai gramu mbili au tatu mbele. Toa plastiki mahali ambapo mkia unakutana na bodi ili mbao ziguse mbao, ukikata kwa ncha ya pasi ya solda au kwa wembe mpya bila kukandamiza, kwa kuwa mkwaruzo wa kisu kwenye balsa ya mkia ndipo unapovunjikia baadaye. Kisha paka epoksi kwa njiti ya kiberiti, tabaka jembamba pande zote mbili, uingize, upime kwa uzi kama alivyoelekeza Bi Rubani, na upanguse kila tone lililotoka nje. Kitovu cha uzito kilichoandikwa kitabuni kichukulie kuwa makadirio: kwa safari ya kwanza kiweke milimita tano mbele yake, betri ikiwa imefungwa kwa mkanda, na bawa likiwa limeshikiliwa na bolti ambazo umezinunua wewe.